Lenzi za filamu kwenye kamera isiyo na kioo: kwa nini milima inafifia na tundu halifungi

Swali

Mtaalamu, habari. Nimeachiwa lenzi tatu za enzi za filamu: Helios 44-2 58mm f/2, Canon FD 50mm f/1.4 S.S.C. na Super-Takumar 28mm f/3.5. Kamera yangu ni Sony A7 III. Nilinunua adapta mbili za bei ya chini, moja ya M42 (uzi wa Helios na Takumar) na nyingine ya FD. Mwanzoni kamera ilikataa kabisa kupiga. Rafiki akagusa kitu kwenye menyu ikakubali, sijui aligusa nini. Sasa FD haifungi tundu, ule mlango wa mwanga ndani ya lenzi: inapiga kama iko f/1.4, wazi kabisa, hata nikiiweka f/11. Helios inanipa picha nzuri za watu, ila namba zake zinatazama chini. Na ile 28mm haifiki mbali: mtu wa karibu anatoka safi, milima nyuma yake imefifia hata nikizungusha pete mpaka mwisho. Kosa ni la lenzi, la adapta au langu?

Jibu

Kosa lako ni dogo na liko kwenye FD peke yake, na hata hapo wa kulaumiwa ni aliyekuuzia adapta bila maelekezo. Kwa 28mm mshukiwa wa kwanza ni adapta ya M42. Unaweza kumbana mshukiwa huyo bila kifaa chochote cha kupimia, kwa kuwa Helios yako inapita kwenye adapta hiyo hiyo.

Adapta za aina hii hazina umeme wala kilenzi ndani. Kazi yake ni kuiweka lenzi mahali ilipozoea kukaa. Kila mfumo wa kamera una umbali wake maalumu kutoka uso wa maunti, yaani pale lenzi inapofungwa, hadi kwenye filamu au sensa. Kwa M42 umbali huo ni milimita 45.46, Canon FD 42.00, Minolta SR 43.50, Olympus OM 46.00, Nikon F 46.50. Kamera hizo zilihitaji nafasi kubwa kwa sababu ndani mlikuwa na kioo kinachoinuka kila unapopiga. Kamera yako haina kioo hicho, na umbali wa maunti ya Sony E ni milimita 18.00 tu. Adapta inajaza tofauti: 45.46 ukitoa 18.00 ni 27.46 kwa M42; 42.00 ukitoa 18.00 ni 24.00 kwa FD. Hesabu hiyo hiyo inatumika kwa Nikon Z yenye 16.00, Canon RF yenye 20.00 au Fujifilm X yenye 17.70, na ndiyo maana kamera zisizo na kioo hupokea karibu kila lenzi ya zamani.

Kamera zenye kioo ni habari nyingine. Ukitaka kufunga M42 kwenye Nikon F utahitaji adapta yenye unene wa milimita 1.04 chini ya sifuri. Watengenezaji hukwepa tatizo hilo kwa kutia kilenzi kidogo ndani ya adapta, na kilenzi hicho huharibu ukali wa picha, hasa tundu likiwa wazi. Itazame adapta yako ya FD dhidi ya mwanga. Ukiona kilenzi katikati, umeuziwa ya kamera nyingine; irudishe.

Ile 28mm na milima yake

Tafuta kitu kilicho mbali kweli: mnara, paa la jengo, taa ya usiku, angalau kilomita moja kutoka uliposimama. Weka kamera kwenye stendi, tundu f/3.5, zima rangi za kuonyesha fokasi (focus peaking), kisha kuza picha ya kwenye skrini hadi kiwango cha juu, ambacho kwa kamera yako ni karibu mara 12. Zungusha pete ya fokasi polepole kuelekea alama ya ∞ (umbali usio na mwisho) na uangalie mambo mawili kwa pamoja: pete inasimama wapi, na picha inakuwa kali wapi.

Pete ikigoma kabla ya kufika ∞, kuna kitu kinagongana ndani. Adapta nyingi za M42 zina ukingo mwembamba kwa ndani, umewekwa makusudi ili ukandamize pini ya tundu iliyo nyuma ya lenzi. Baadhi ya lenzi hurudi nyuma sana zikiwa kwenye ∞, na ukingo wa chuma unaozunguka kioo cha nyuma hugusa ukingo huo wa adapta. Usilazimishe. Tumia adapta isiyo na ukingo na weka swichi ya Takumar kwenye M. Lenzi za Super-Takumar zina swichi ya A na M ubavuni; ikiwa M, vibapa vya tundu, yaani vipande vyembamba vinavyolifunga, hufuata pete bila kuhitaji pini kusukumwa. Kwa Helios 44-2 ukingo hauna maana yoyote kwa sababu lenzi hiyo haina pini.

Pete ikifika ∞ na picha bado ilikuwa inazidi kuwa kali pale iliposimama, yaani unahisi ingehitaji kuzunguka kidogo zaidi, lenzi iko mbali mno na sensa. Kutokana na maelezo yako nadhani ndicho utakachokikuta. Sasa weka Helios kwenye adapta hiyo hiyo, f/2, ulenge kitu kile kile. Nayo ikishindwa, adapta ni nene na kesi imekwisha. Helios ikifika vizuri na Takumar ikashindwa, usiiachie adapta huru haraka: lenzi nyingi zina nafasi kidogo ya kuzunguka kupita ∞, na Helios inaweza kuwa inalificha kosa. Au Takumar iliwahi kufunguliwa na fundi akairudisha vibaya.

Picha zako za watu kwa Helios hazithibitishi chochote, na sababu iko kwenye hesabu. Ili kulenga kitu kilicho umbali fulani, lenzi husogezwa mbele kutoka nafasi yake ya ∞ kwa kiasi kinachopatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi kwa wenyewe, kisha kugawanya kwa umbali wa kitu. Ukigeuza hesabu hiyo, unajua adapta nene inakufungia wapi. Chukua adapta iliyozidi kwa milimita 0.1, ambayo ni unene wa karatasi moja ya kuandikia. Kwa 28mm: 28 mara 28 ni 784, gawanya kwa 0.1, unapata milimita 7,840. Mwisho wa fokasi ya lenzi hiyo ni karibu mita 8. Kwa Helios ya 58mm ni mita 33 na zaidi kidogo. Kwa lenzi ya 135mm ni mita 182. Mtu aliye mita mbili mbele yako atatoka safi kwa zote tatu.

Wengi huhitimisha hapo kwamba adapta mbaya huzidhuru zaidi lenzi pana. Si hivyo hasa. Ukubwa wa doa analolifanya nyota au taa ya mbali kwenye sensa hautegemei urefu wa fokasi. Ni kosa la unene ukiligawanya kwa namba ya f. Kwa 0.1 na f/3.5 doa lina upana wa milimita 0.029. Pikseli moja ya kamera yako ni karibu milimita 0.006, hivyo doa hilo linafunika pikseli tano. Helios kwenye f/2 ingetoa doa la 0.05, pikseli nane. Kinachofanya lenzi pana ionekane mbaya zaidi ni kwamba ndiyo tunayoelekeza kwenye mandhari ya mbali, na kwamba mpaka wake wa mita 8 uko karibu mno kiasi kwamba hata ukumbi mkubwa unatosha kuufichua. Fomula hiyo pia inaeleza kwa nini ukifunga hadi f/8 au f/11 tatizo linaonekana kupona: kwa f/11 doa linashuka hadi 0.009, pikseli moja na nusu. Kama una safari kesho na adapta ni hiyo hiyo, f/11 itakuvusha.

Dawa. Kwanza hakikisha adapta imefungwa sawasawa: nyingi zimeundwa kwa vipande viwili vilivyoshikwa na skrubu nne hadi sita kwa ndani, na skrubu zilizolegea huongeza unene. Kaza kila moja kidogo kidogo kwa kupishana. Futa uso wa maunti pande zote mbili. Punje ya mchanga au ukucha wa chuma ulioachwa na mashine unatosha kuleta kosa tunalolizungumzia. Hakikisha pia lenzi imekazwa mpaka mwisho wa uzi.

Ukiwa na maikromita, pima unene sehemu nne kuzunguka duara. Kalipa ya dijitali inakupa picha ya jumla tu, kwa kuwa yenyewe hukosea kwa milimita 0.02 au 0.03. Unatafuta 27.46 au chini yake kidogo, na unatafuta usawa: upande mmoja ukiwa na 27.45 na wa pili 27.52, lenzi imeinama, na utaona kona ya kushoto kali na ya kulia imefifia, au kinyume chake. Adapta iliyoinama hairekebishiki kwa njia ya maana. Irudishe.

Ikiwa ni nene kwa usawa, ifungue uone kama kiwandani waliweka pete nyembamba za kujazia kati ya vipande. Zikiwepo, ondoa moja ujaribu. Kusugua chuma kwa msasa sikushauri, kwa sababu mkono hauwezi kuondoa kiasi sawa duara zima. Njia nyingine ni kusogeza kituo cha ∞ cha lenzi yenyewe: pete ya fokasi kwa kawaida hushikwa na skrubu tatu ndogo, nyingine zinaonekana kwa nje, nyingine mpaka uondoe pete ya jina iliyo mbele. Unazilegeza, unaiacha pete mahali pake, unazungusha kiini mpaka kitu cha mbali kikae sawa, kisha unakaza. Inafanya kazi, lakini ni kuiharibu lenzi nzima ili ifanane na adapta mbovu. Fanya hivyo tu kama umethibitisha, kwa adapta ya pili iliyo sahihi, kwamba aliyekosea ni lenzi.

Adapta mpya utakayopata huenda ikakupa hali ya tatu: picha inakuwa kali kabla ya kufika ∞, kisha inafifia tena. Hiyo ni kawaida, maana watengenezaji hupunguza unene makusudi ili lenzi zote zifike mbali. Gharama yake ni kwamba mizani ya umbali kwenye lenzi inadanganya. Adapta iliyopungua kwa 0.1 inaifanya 28mm iwe kwenye ∞ pale mizani inaposomeka karibu mita 8, kwa hiyo usizungushe hadi mwisho gizani ukidhani umelenga nyota, na usipige kwa kukadiria umbali kwa mizani. Ukitaka kuirekebisha, kata pete kutoka karatasi ya alumini ya jikoni, ambayo ina unene wa karibu milimita 0.015, uiweke kati ya vipande viwili vya adapta, ujaribu tena, uongeze nyingine. Kwa lenzi zenye vioo vinavyosogea peke yake wakati wa kulenga karibu, kama Nikkor 24mm f/2.8, marekebisho haya yana maana kubwa kuliko kuweka mizani sawa, kwa sababu unene ukikosea kona za picha hupoteza ukali hata katikati ikiwa safi. Takumar yako haimo katika kundi hilo.

FD isiyofunga tundu

Kwenye kamera za FD, lenzi ilikaa wazi muda wote ili mpigaji aone vizuri, na kamera ndiyo iliyosukuma mkono mdogo nyuma ya lenzi wakati wa kupiga ili vibapa vifunge hadi namba iliyochaguliwa. Kamera yako haina cha kuusukuma mkono huo. Ndiyo maana adapta ya FD ina pete ya ziada inayozunguka, mara nyingi imeandikwa LOCK na OPEN, na ndani yake kuna pini. OPEN inaacha tundu wazi kwa namba yoyote. LOCK inausukuma mkono na kuushikilia, na kuanzia hapo pete ya tundu ya lenzi inafanya kazi moja kwa moja.

Utaratibu ni huu. Toa adapta na lenzi kwenye kamera. Weka pete ya adapta kwenye OPEN. Linganisha nukta nyekundu ya lenzi na ya adapta, keti lenzi bila kuinama, kisha kaza pete ya chrome ya nyuma. Lenzi yako ya S.S.C. ni ya aina hii ya pete, tofauti na FD mpya za kuanzia 1979 ambazo huzungushwa mwili mzima. Weka tundu f/16, geuza pete ya adapta kwenda LOCK, na utazame kupitia kioo cha mbele: lazima uone vibapa vinajikunja. Visipojikunja, pini imekaa nje ya mkono. Rudi OPEN, toa lenzi, anza upya. Ikigoma mara zote, pini ya adapta ni fupi au imewekwa mahali pasipo, na hilo halina tiba ya nyumbani. Hakikisha pia pete ya tundu haipo kwenye alama ya kijani ya otomatiki; ikiwa hapo, kamera ndiyo ilipaswa kuchagua namba, na kamera hiyo haipo tena. Kila unapotaka kuitoa lenzi kwenye adapta, rudisha kwanza OPEN.

Helios na namba zake za chini

Uzi wa M42 una upana wa milimita 42 na hatua ya milimita 1, na mahali unapoanzia hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Adapta nyingi zina pete ya ndani iliyoshikwa na skrubu tatu ndogo ubavuni. Legeza zote tatu, lenzi ikiwa imekazwa izungushe mpaka alama ije juu, kisha kaza. Baada ya hapo rudia jaribio la mbali.

Ukija kuongeza lenzi, jihadhari na uzi unaofanana. T2 nayo ni milimita 42 lakini hatua yake ni 0.75, itaingia mzunguko mmoja kisha itakwama, na ukilazimisha unakula uzi wa lenzi. Na kuna Helios za mwanzo zenye uzi wa milimita 39, ambazo zinahitaji pete ya kupanua.

Helios 44-2 ina pete mbili za tundu. Ya kwanza inachagua kikomo, tuseme f/8. Ya pili, isiyo na vituo vinavyobofya, inafungua na kufunga kati ya f/2 na kikomo hicho. Zilitengenezwa ili ulenge ukiwa wazi kisha ufunge kwa kidole bila kutazama, na kwa kamera yako utaratibu huo bado ni mzuri unapofunga kuanzia f/5.6.

Ndani ya menyu

Alichogusa rafiki yako ni "Release w/o Lens", akaiweka Enable. Kamera haioni umeme wowote kwenye maunti, inadhani haina lenzi, inakataa kupiga. Iache hivyo daima.

Kingine ni uthabiti wa sensa. Kamera haijui lenzi gani imefungwa, kwa hiyo weka SteadyShot kwenye Manual na uandike urefu wa fokasi kwa mkono: 58, 50 au 28, namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Ukisahau kubadili ukatumia 28mm huku menyu ikisema 58, sensa itasogea zaidi ya inavyotakiwa na picha itatikisika vibaya kuliko uthabiti ukiwa umezimwa. Mimi ningeweka ukurasa huo kwenye kitufe cha C cha karibu kabisa na kidole. Hata ukiandika sawa, unapata mihimili mitatu ya uthabiti badala ya mitano, kwa sababu miwili iliyobaki inahitaji kujua umbali wa kitu.

Zima pazia la kwanza la kielektroniki, yaani "e-Front Curtain Shut.", unapopiga kwa kasi kubwa kama 1/2000 na tundu wazi. Kwa lenzi zisizo za mfumo, pazia hilo hutoa mwangaza usio sawa juu na chini ya picha, na madoa ya mwanga nyuma ya mtu hukatwa upande mmoja. Watu huilaumu Helios kwa jambo hilo bure.

Mwangaza upime kwa hali ya A: unachagua tundu kwenye lenzi, kamera inachagua kasi. Usishtuke kuona F-- kwenye skrini. Hali ya M pia inafaa. S na P hazina maana hapa.

Kuhusu kulenga, rangi za kuonyesha fokasi ni nzuri kwa mtu anayetembea na tundu la f/5.6. Kwa f/1.4 zinadanganya: picha ya lenzi ya zamani ikiwa wazi ina ulaini unaoifanya kamera ipake rangi eneo pana kuliko lililo kali. Weka ukuzaji kwenye kitufe, kuza mara 6 kwenye jicho la unayempiga, lenga, piga. Na usilenge kwenye f/1.4 kisha ufunge hadi f/2.8: lenzi zenye tundu kubwa kama FD yako huhamisha kidogo mahali pa fokasi vibapa vinapofunga, na kwenye f/2.8 kina cha ukali bado ni kifupi mno kuficha uhamaji huo. Hadi f/4, lenga kwenye tundu lile lile utakalopigia. Kuanzia f/5.6 lenga ukiwa wazi kisha funga.

Ukichoka kulenga kwa mkono, ipo adapta ya Techart LM-EA7, iliyotengenezwa kwa lenzi za Leica M, ambayo husogeza lenzi nzima kwa injini hadi milimita 4.5. Unaifunga na pete ya kuigeuza M42 au FD kuwa Leica M. Milimita 4.5 kwa Helios zinatosha kutoka ∞ hadi karibu sentimita 80. Ni ghali, ina kelele kidogo, na inaongeza maunti nyingine ambayo nayo inaweza kukosea unene. Kwa lenzi tatu ulizonazo ningengoja. Vile vile usinunue vipunguza fokasi vinavyotangazwa kwa lenzi za zamani. Hivyo ni vya sensa ndogo, na yako ni kubwa tayari.

Picha zisizo na nguvu ya rangi

Hukuliuliza hili, ila utakutana nalo. Adapta za bei ya chini mara nyingi zinang'aa kwa ndani. Lenzi za filamu humwaga mwanga nje ya fremu, mwanga huo unagonga ukuta wa adapta na kurudi kwenye sensa, na picha inakuwa na weupe hafifu, wakati mwingine doa jeupe katikati. Toa lenzi, elekeza adapta kwenye taa, tazama kupitia ndani yake kwa pembe. Ukiona mng'ao, bandika karatasi nyeusi ya mahameli yenye gundi kwenye ukuta wa ndani, au paka rangi nyeusi isiyong'aa. Mwisho wa karatasi usikaribie mdomo wa nyuma, usije ukapeleka nyuzi kwenye sensa. Halafu nunua kofia ya lenzi: Helios yako na Takumar nyingi hupokea pete ya milimita 49, FD S.S.C. yako milimita 55. Kwa Helios kofia si pambo. Utando wake wa kuzuia mng'ao ni wa enzi za mwanzo.

Hali ya lenzi zenyewe

Kabla hujatumia fedha zaidi, fungua tundu lote, fungua fokasi, angaza kwa tochi ndogo kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele. Vumbi halina neno, hata likiwa jingi. Nyuzinyuzi zinazotanda kama utando wa buibui ni kuvu. Weupe sawasawa kama pumzi kwenye kioo ni mvuke wa grisi ya zamani uliotua, na huondoa nguvu ya rangi kuliko vumbi la aina yoyote. Mng'ao wa rangi za upinde kwenye ukingo ni gundi kati ya vioo viwili iliyoanza kuachia. Hiyo sitakushauri uiguse.

Mafuta kwenye vibapa yana uzito tofauti kwa kila lenzi. Kwa Takumar na FD, vibapa vinavyotakiwa kuruka kwa haraka vitachelewa au vitanata. Kwa Helios ya kufunga kwa kidole, mafuta kidogo hayazuii chochote.

Kuvu juu ya kioo cha mbele au cha nyuma hufutwa kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 na amonia ya kusafishia, kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha alkoholi ya isopropili. Vaa glavu, fungua dirisha. Usimimine, lowesha kitambaa. Alama zikibaki baada ya kufuta, kuvu ilishakula utando wa kioo na hazitoki tena, ingawa zikiwa chache na za pembeni hazionekani kwenye picha. Kuvu ikiwa ndani, mpelekee fundi, hasa kwa FD ambayo mikono yake ya tundu ni mingi na midogo.

Ukiamua kuifungua Helios mwenyewe, tumia bisibisi inayojaa kwenye kichwa cha skrubu, na piga picha kila hatua. Pale uzi wa fokasi unapoachana, chora alama kwenye vipande vyote viwili kwenye sehemu ile ile kabla havijatengana. Uzi huo una mianzo mingi. Ukiurudisha kwenye mwanzo usio wake, lenzi itafungika vizuri kabisa na haitafika ∞ hata kwa adapta iliyo sahihi.

Zihifadhi kwenye sanduku linalofunga, na vifuko vya silika na kipimo kidogo cha unyevu, kati ya asilimia 40 na 50. Mikoba ya ngozi zilizokuja nayo weka mahali pengine: ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia, na kuvu nyingi huanzia humo.